Kalamu Sikioni

Mbaruku mwanangu ni karani wa magunia Kongowea.
Viazi, vitunguu, tangawizi:
huhesabu, huandika, kalamu huirudisha sikioni,
tangu saa moja hadi jua la utosi.

Kidonda kilipoanza, pale pale inapolala kalamu,
nikasema ni kalamu. Ihamishe.
Akaihamishia sikio la kushoto.
Kalamu ikahama.
Kidonda kikabaki.

Kikafanya gaga, gaga likabanduka,
tone la damu mtoni kila asubuhi, tone moja tu.
Nikatia liwa. Nikatia habasoda. Jirani akaleta asali.
Mfungo sita ukaingia, ukatoka.

Miaka thelathini nashona kofia za viua hapa Kibokoni,
tundu kwa tundu, uzi mweupe,
na ya kwanza ya kila mwaka huwa yake.
Hakuna aliyeniuliza, wala sikujiuliza,
kazi ya mkono wangu inamfunika nini.
Utosi. Nywele zake za rangi ya mkonge. Basi.
Masikio niliyaacha nje, kama watoto wa kambo.

Daktari Nyamvula alianza kwa kumvua kofia.
Akamulika shingo, midomo, migongo ya mikono.
Akakata kinyama, hakizidi punje ya mchele,
akakitumbukiza chupani.
“Ngozi yenye ualbino haina kivuli cha ndani, mama.
Kivuli mpeni nyinyi.”

Wiki mbili. Mimi mzoefu wa kuhesabu tundu
nikapotewa na hesabu ya siku.

“Saratani ya ngozi,” akasema, wala hakunong’ona.
“Imewahiwa.”
Neno hilo la pili nikalipokea kwa mikono miwili,
kama mtu anayepewa maji.

Sasa sikio la kulia limepungua kipande,
kalamu huteleza, ameihamishia mfukoni.
Nami nimeshona kofia yenye ukingo,
vidole vinne kuzunguka, kitambaa mara mbili.
Mwanakhamisi alipoiona akashika mbavu:
“Shoga, kofia hii au kawa?”
Kawa, nikamwambia.
Wali tunaufunika, tukichelea nzi.

Akisali huivua, huiweka ubavuni,
paji la uso lipate kufika chini.
Akitoa salamu, mkono huitafuta kabla ya tasbihi.

Kila miezi mitatu tunarudi hospitali.
Daktari Nyamvula huwasha taa yake,
na huanza na sikio la kushoto.