Mita Thelathini

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelalia ngano,
natembea Ngata na futi kamba mkononi
kwenye uwanja ambapo ndege za kunyunyizia dawa
zamani zilitua na matumbo matupu.
Lami ni ya kuazima. Nyufa zake nimezipa majina.
Ule mrefu nauita Mama Mkwe:
ukiupita bila adabu, unakutoa nje.

Gichangi anakuja na chupa ya chai na daftari la tiketi.
"Mwalimu, kamba iko mbali mno.
Mtu halipi mia tatu aje kutazama vumbi la jirani.
Anataka moshi wa mpira umwingie puani,
suruali imtikisike miguuni,
akirudi Rongai aseme: lilinipitia hapa. Hapa!"

Simlaumu. Ningekuwa siipendi sauti ile
ningekuwa nyumbani nasahihisha madaftari.
Injini ikikohoa mara mbili, kisha ikashika,
mbavu zangu huwa bati chini ya mvua ya mawe.

Lakini Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha fizikia,
naandika ubaoni: kasi ikizidi mara mbili,
kishindo huzidi mara nne.
Wanafunzi wananakili, wanafuta, wanasahau.

Mwaka jana, gari la Wekhanya, lile la rangi ya ugoro,
lilipofika mwisho, gurudumu la kushoto likajiajiri.
Liliruka marobota ya majani
likapita peke yake kwenye nyasi tupu,
bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda,
likazunguka mara tatu mfano wa sarafu
na kulala hatua moja kutoka beseni la mayai la Kwamboka.

Watu walicheka. Kijana mmoja alilikalia, akapigwa picha.
Wekhanya alitoka garini akitafuta kiatu.
Asubuhi ile Kwamboka alikuwa amenitukana kwa Kigusii,
sentensi nzima, nilipomsogeza nyuma.
Jioni alinipa yai. Bila chumvi, bila neno.

Hakuna anayelipa kiingilio
kutazama kisichotokea.

Kwa hiyo leo tumebishana hadi chai ikapoa.
Yeye: mita kumi na tano. Mimi: thelathini.
Yeye: basi watu wataona nini?
Nikamwonyesha tuta la udongo wa mtaro,
matrela mawili ya miwa yaliyolala bila kazi.
Wapandishe, nikasema. Juu, si karibu.
Na mbio tuzikate: mita mia mbili,
lami iliyobaki tuwaachie breki.

Jemeli alinisikia, akaweka spana chini.
"Mia mbili? Gia ya nne hata haitaonja!"
"Utarudi kuionjesha mwezi ujao," nikamjibu,
na nikamvuta mkanda wa bega, kwa nguvu,
hadi akaguna.

Saa nane, tuta limejaa miavuli na watoto mabegani.
Taa ya manjano. Manjano. Kijani.
Sikuona mbio. Sizioni kamwe.
Mimi hutazama miguu ya watu,
nani amevuka kamba kwa kidole gumba,
nani amemkabidhi mwanawe simu amrekodie mbele.
Nilisikia tu tuta zima likivuta pumzi pamoja
na kuishikilia, sekunde saba na kitu,
kisha kelele, ikamwagika hadi kwenye ngano.
Gichangi alinigeukia akicheka meno yote,
akahesabu noti, akakosea, akaanza tena.

Jua lilipoegemea Mau, nikaanza kukunja futi yangu.
Katikati ya lami na kamba,
kwenye nyasi ambazo hakuna aliyezikanyaga,
nikaona kitu kinang'aa.
Nikapima kwanza. Mita kumi na tisa.
Boliti, nene kama kidole changu, ingali na oili.

"Mwalimu!" Gichangi aliniita toka mbali. "Unatafuta nini?"

"Nilidondosha chaki," nikasema,
nikaitia mfukoni.