Baisa Tano

Tawi la tisa limefunguliwa leo, Mabela.
Viyoyozi vinavuma, rafu zimenyooka kama safu za sala,
nami kwenye droo ya fedha nahesabu
vijisarafu ambavyo mji mzima umeshavisahau.

Bi Ghaniya alianza na meza moja, Ibra:
sahani zilizomeguka kingo,
birika zisizo na vifuniko,
kila kitu na karatasi yake, mwandiko umelala:
"Hiki kina ufa. Usitie chai ya moto."
Watu walicheka. Wakanunua. Wakarudi.

Mhasibu alitaka kila bei iishie tisa tisa tano.
"Ni saikolojia, bibi."
"Saikolojia ndiyo nani? Anamdai nani?"
Ikabaki: mia tisa ni mia tisa.
Kodi ilipokuja ikazaa chenji ndogondogo,
na pipi badala ya chenji akaipiga marufuku:
"Hakuja kununua pipi."

Sasa kompyuta ina nafasi ya herufi ishirini tu.
Nilijaribu: *Kikombe ufa usitie c*
Nikatafuta kalamu.

Alasiri dereva wa lori la maji
alilipa mia tisa na hamsini, akaondoka.
Nikamkimbilia hadi kwenye maegesho,
jua la Julai utosini,
baisa tano imeshika moto kiganjani.
Akanitazama kama niliyerukwa na akili.
Akaipokea. Akaigeuza upande, na upande.

"Kesho," akauliza,
"mnafungua saa ngapi?"