Ubao wa Mwakijembe

Saa kumi na mbili, asubuhi na jioni,
nashuka ukingoni na daftari la serikali
lililoliwa jalada na mchwa.
Ubao umesimama majini. Saba imefutika;
naijua kwa kukisia chini ya nane.
Leo: mita moja, nukta nne mbili.
Natia sahihi: Nyamvula Chitsaka.

Maji ya Shagayu hayasimami forodhani.
Hushuka na udongo wa mashamba ya kabichi,
na kandambili moja ya mtoto nisiyemjua,
hunywewa na ng'ombe, huchotwa, hulaaniwa,
kisha Umba huvuka mpaka bila pasi
hadi Vanga, kwa shangazi zetu.

Mwaka ule yalipanda usiku.
Nilisoma mita tano. Nikaandika mita tano,
kwa hati nzuri.
Daftari likalala juu ya kabati
likingoja pikipiki ya ofisi, Ijumaa.
Mama mkwe wa dada yangu
walimtafuta mikokoni siku mbili.

Baadaye wakubwa walikutana Tanga mjini,
wa kwetu na wa ng'ambo ya mpaka,
kila mmoja na chupa yake ya maji.
Niliitwa kusema dakika tano; nikapewa tatu.
Rasimu ilikuwa na vifungu arobaini na kimoja.
Asubuhi nzima walishindania neno:
tuandike "kuarifiana" au "kushauriana"?
Chai ikaja.

Kwenye foleni ya sambusa mtu mwembamba akaniuliza,
kwa Kidigo kile kile cha nyumbani:
"Wewe ndiye unayeniletea maji?"
Mwarora, msoma ubao wa mwisho wa mto.
Nikasema, "Samahani."
Tukacheka. Kisha hatukucheka.
Akaandika namba yake nyuma ya ratiba.

Tangu siku hiyo, kabla ya daftari, simu.
*Moja nukta tatu.*
*Nimepata. Wajukuu wamelala.*
*Mbili nukta tisa.*
*Tunahamisha mbuzi.*
Vocha natoa mfukoni, naye vilevile.
Mkataba, nasikia, bado unatafsiriwa.

Juzi, masika yamekolea, nilishuka na tochi
nisione nane, nisione tano,
nisione hata kichwa cha ubao.
Maji tu, mapana, yakipita kimya kama mwizi.
Nikampigia.
"Mwarora, leo sina namba."
Akanyamaza.
Kisha nyuma yake nikasikia kipaza sauti cha msikiti
kikiwaamsha watu kwa majina,
nyumba kwa nyumba,
na haikuwa saa ya swala.