Magamba

Nyaboke hakuja Kamukunji kununua karai.
Amepiga magoti chini ya fuawe la Musembi,
anafagia magamba meusi yaliyobanduka chumani.

"Hayo ni taka, dada."
"Nipimie kilo mbili."
Musembi acheka hata nyundo yakosa mdundo.

Chiromo, chumba kisicho na dirisha,
anayasaga pamoja na vigae vya matofali,
anafinyanga punje kama mtama,
anazioka usiku, stima ikirudi.

Punje huvuta pumzi hewani,
huibeba kifuani hadi kwenye gesi
ya samadi ya machinjio ya Dagoretti,
huitema. Gesi huungua bila mwali,
bila masizi. Punje hutoka tupu,
zikarudi hewani kukopa.
Kukopa, kulipa. Kukopa, kulipa.

Mzunguko wa kumi na tisa zikawa vumbi.
Aliandika daftarini: zimechoka.
Akafuta. Akaandika: ongeza udongo.

Jumamosi Musembi amemwekea gunia,
kalifunga kamba, hataki hela.
"Ila niambie," asema, akipangusa shingo,
"hii kutu inayonilia mabati miaka yote,
kumbe ilikuwa inapumua?"