Dole gumba la Eufrosina

Teotitlán, Jumanne. Sufuria iko mekoni.
Eufrosina anasaga vidugamba vikavu
alivyovipangusa kwenye mipungate kwa mkia wa paa.
Vijivu, kama majivu ya jana.
Nani angedhani vina damu?

Shabu kwanza, ili sufu ishike neno.
Kisha rangi. Kisha ndimu mbili: nyekundu inawaka.
Kijiko cha jivu: inanuna, inageuka zambarau.
"Usikoroge kama uji," anamkemea mjukuu.
"Rangi hailazimishwi, hubembelezwa."

Saa nne yuko benki.
Pesa za marehemu Hilario zinangoja sahihi.
Karani, kijana wa tai, shati jeupe pe,
anamsukumia kidau cha wino mweusi.
"Dole gumba, mama. Hapa."

Anatazama wino.
Anatazama kidole.
Anakilamba kidogo, anakandamiza karatasi.

Mistari yote imetoka,
nyekundu,
hadi kovu la kisu cha utotoni.

Karani anakuna kichwa: kanuni zinataka nyeusi.
Hii, je, ikifutika?

"Hii?" anasema Eufrosina, akifunga mtandio.
"Miaka hamsini naifua."