Yupo, Yuko, Yumo

Saa tisa usiku, Klaksvík. Mvua inapiga bati kwa ubavu,
na skrini yangu inatangaza: waliopo sasa, kumi na wanne.
Uongo.
Ni mimi niliyeuandika uongo huo,
mistari sita ya msimbo, mwaka ule wa theluji nyingi.
Jana Rannvá alinipigia simu:
"Kumi na wanne gani, Tóki?
Nimeweka picha ya harusi ya shangazi, nimeuliza nani huyu mwenye kofia,
akajibu mmoja, naye alikuwa anaaga akalale."

Basi nimekaa na chai iliyopoa, nahesabu watu
kama tunavyohesabu kondoo siku ya ukungu:
alama ya sikio kwanza, mwili baadaye.

Saba ni wageni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hawa wana mwezi mzima na hakuna aliyegusa mpini.
Nimezifuata nyayo zao: kurasa arobaini kwa dakika,
hawakohoi, hawasiti, hawarudi nyuma kuitazama picha tena.
Mashine za kuchuma maneno.
Nimewatoa nje bila kuwaaga.

Wawili ni mtu mmoja.
Oddvør, muuguzi wa zamu ya usiku:
simu imo mfukoni, kompyuta imewaka mezani,
mwenyewe yuko chumba cha tatu, anamgeuza mzee kitandani.
Hapa yupo mara mbili, na hayupo hata mara moja.
Nimemwachia kitone kimoja cha kijani.
Anastahili angalau hicho.

Guttormur amewaka tangu Jumanne.
Kila saa ukurasa wake unateremka kidogo, unasimama, unateremka.
Nikampigia dada yake.
Guttormur yuko melini, akasema,
paka ndiye anayelala juu ya kibodi, pana joto.
Nimemzima paka.

Nikadhani nimemaliza.
Kisha nikaikuta barua ya Dánjal wa Sandoy, ya wiki iliyopita,
tangu nilipoweka sheria yangu safi:
asiyegusa kitu kwa dakika tano, ameondoka.
"Sikuondoka," ameandika.
"Nilikuwa aya ya pili."
Miaka themanini na mitatu. Anasoma kwa kidole,
na neno likimkumbusha mtu, humngoja huyo mtu apite.

Nikaifuta dakika tano. Nikaweka arobaini.
Nikaona haya, nikaweka sitini.

Amebaki mmoja ambaye simhesabu.
Kila usiku anaingia kutoka Nuuk, taa ameifunika kwa hiari yake,
anafungua alichoandika mama yake, hicho tu,
anakisoma mara mbili, anatoka.
Miaka minne hajampigia simu.
Mama mtu ni Rannvá.
Jana, kabla ya kukata, aliniuliza kama anayeuliza hali ya hewa:
"Na Heðin, hupita?"

Hayupo, kwa maana ya kidole kikielekeza.
Yuko, kwa maana ya ng'ambo ile.
Yumo, kwa maana ambayo sina ruhusa ya kuitaja.
Nikamwambia mvua imezidi, simsikii vizuri.

Saa kumi kasoro. Nimeandika: watano, huenda sita.
Mashine imekataa; haina pa kuliweka neno huenda.
Nimechukua saa nzima kuifundisha.

Alfajiri, wote wamezima. Oddvør amekwenda nyumbani.
Rannvá amewaka.
Haandiki kitu. Ameifungua ile picha ya mwenye kofia.
Dakika moja, na Nuuk ikaingia, taa chini ya kitambaa,
ikafungua picha hiyohiyo.
Nami mtunza mlango, ambaye jina langu haliingii orodhani,
nikaondoa mkono juu ya kibodi.

Tukakaa hivyo muda mrefu.
Kwenye skrini: mmoja.