Pigo Lililoruka

Sabini na mbili, Februari, matope hadi kifundoni,
kaka yangu Volkmar alikodi banda la ng'ombe
nje ya Höxter, ng'ambo ya mto Weser,
kwa marki sitini na sharti moja la Bi Ohlendiek:
ikigonga saa nne usiku, kimya.

Tuligongomea magunia ya viazi ukutani.
Ndani ya ngoma ya mguu akashindilia blanketi la baba,
lile la jeshi, la kijivu, lenye namba.
Harufu ya ng'ombe haikutoka.
Hata leo nikiiweka kanda ile
pua yangu hulitangulia sikio.

Ndu-ndu, ta. Ndu-ndu, ta.
Mguu, mguu, mkono,
na matoazi yakitafuna juu yake
kama farasi aliyefika horini.
Hapakuwa na mbwembwe,
wala ule mporomoko wa ngoma zote kwa pamoja
ambao wapigaji huutoa wakitaka kutazamwa.
Eckbert wa gitaa alimsihi: ongeza kitu, hata kidogo.
Akajibu bila kusimama:
mwaka mzima napunguza, wewe waniambia niongeze?

Wanasema ngoma ikivuma sana hupasuka.
Yake hakuivumisha.
Aliiendesha, kwa mwendo wa mbio usio na haraka,
kama gari usiku kwenye barabara kuu, taa za mbele tu,
na dereva amesahau anatoka wapi.

Mimi nilifanya kazi Holzminden, kiwanda cha mifuko ya karatasi.
Kunja, gundi, kata. Kunja, gundi, kata.
Nikamwambia, Volkmar, hii ni mashine yangu.
Akafikiri, kijiti mdomoni.
Hapana, Gerlind. Mashine haijui kwamba inakwenda.

Baba naye alikuwa mtu wa ngoma.
Miaka kumi na minne, kaptura, ngoma shingoni,
akaitangulia safu: kushoto, kulia, kushoto,
na safu ikaenda ilikokwenda.
Waliorudi walienea meza moja ya kilabuni.
Tangu hapo nyumbani kwetu hakikugongwa kitu.
Hata yai la asubuhi
alilibambua kwa ukucha.

Usiku wa kurekodi, dakika ya tisa,
mlango ukafunguka.
Baba, kofia mkononi, theluji mabegani.
Hakuwa amealikwa.
Ndu-ndu,
na mkono wa Volkmar ukabaki hewani.
Pigo moja tu. Mguu haukungoja.
Ndu-ndu, ta. Ndu-ndu, ta.

Baba alisimama mpaka utepe ukaisha.
Akauliza: inakwenda wapi, hii?
Haiendi popote, baba. Inakwenda tu.
Na nani anaiamuru isimame?
Hakuna.
Akaitikia kwa kichwa, taratibu,
kama mtu aliyeonyeshwa chumba
katika nyumba aliyoishi miaka yote.
Nje nilimsikia kizingitini akikung'uta matope ya viatu:
mara mbili, kisha, baada ya kitambo, mara moja.

Santuri mia tatu. Tuliuza themanini.
Bi Ohlendiek alichukua moja badala ya kodi ya Juni.
Volkmar akaendesha lori la maziwa miaka thelathini na moja,
na moyo wake, uliokuwa hodari wa kuhesabu,
ulisimama akiwa kwenye foleni ya mkate.

Jana mjukuu wangu Jannis alinionyesha simu.
Vijana wa Osaka, chini ya ardhi, waya sakafuni,
wanaupiga wimbo wa banda lile.
Sijui santuri iliwafikiaje.
Ndu-ndu, ta.
Gitaa si letu, sauti si zetu, mwendo ni ule ule,
na dakika ya tisa ilipofika nikashika ukingo wa meza.

Msichana wa ngoma anaruka pigo.
Lile lile, mahali pale pale.
Jannis anasema wamelifanyia mazoezi wiki nzima,
ni gumu, mkono wenyewe unataka kushuka.
Anasema ndipo ufundi wa mzee ulipo.

Sikumwambia kitu.
Niliomba airudishe nyuma.
Msichana anafumba macho kabla ya kufika pale,
anainua kijiti,
anampisha mtu aingie.